Mtu Akiacha Kupumua Shambani, Mikono ya Kwanza ni Yako

Ndugu mkulima, kila mwezi tunasema nawe habari za ng'ombe, mbegu na mbolea. Mwezi huu tunayaweka hayo kando kidogo, tupate kueleza jambo ambalo likikupata hutakuwa na nafasi ya kwenda kumwuliza mtu. Ni habari ya mtu aliyeacha kupumua, na kazi ambayo mikono yako inaweza kumfanyia kabla daktari hajafika.

Tuseme ni saa kumi jioni. Watoto wametoka shuleni, wamepeleka ng'ombe kunywa maji bwawani. Unasikia ukelele, unaacha jembe na kukimbia. Unapofika, mtoto wa jirani yako, umri wake kama miaka sita, amekwisha tolewa majini na kulazwa juu ya nyasi. Midomo yake ina rangi ya majivu. Hapumui. Watu wamesimama duara, mama yake analia. Mzee mmoja anasema ashikwe miguu apinduliwe kichwa chini ili maji yatoke. Kijana mmoja amekimbilia barabarani kutafuta gari, na wengine wote wanamngoja yeye. Je, wewe utafanya nini?

Kutafuta gari si kosa. Kosa ni kulingoja mikono mitupu. Ubongo wa mtu huanza kuharibika ukikosa hewa kwa muda wa dakika 4 hivi, na kila dakika inayozidi hapo huongeza hasara. Sasa hesabu mwenyewe dakika ngapi hupita toka ploti yako mpaka dispensari, wakati wa mvua, barabara ikiwa tope. Utaona ya kuwa hata gari likipatikana papo hapo, mtoto huyo atafika amekwisha kufa, ila kama kuna mtu aliyeanza kazi pale pale penye nyasi.

Sisi watu wa skimu tunalo jambo la kufikiri zaidi kuliko wenzetu. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa ya Wazungu yalipoanza kugawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, wengi wetu tunakaa kila mtu katika ploti yake, nyumba mbali na nyumba. Ni vizuri kwa kilimo, lakini siku ya taabu jirani yuko ng'ambo ya shamba. Tena wenye mashamba wa zamani walituachia mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, nasi tumeongeza visima na matangi. Na wenzetu wa Mwea, mifereji ya mpunga hupita karibu na nyumba zao. Maji yapo kila mahali, na watoto wapo kila mahali.

KWANZA TAZAMA, LAKINI USITAZAME SANA

Ukimkuta mtu ameanguka, angalia kwanza kama pale alipo pana hatari kwako: waya wa stima, moto, gari, maji ya kina. Aliye bado majini mtupie kamba, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko, ashike huo. Usijitose kama hujui kuogelea, usije ukatuongezea maiti wa pili.

Mshike mabega, mtikise kidogo, mwite kwa sauti kubwa. Kama ni mtoto mchanga, mpigepige nyayo. Asipojibu, piga kelele watu waje. Mlaze chali mahali pagumu. Weka mkono mmoja kwenye paji la uso, na vidole vya mkono wa pili chini ya kidevu, ukiinue kidevu ili ulimi usizibe njia ya hewa. Tazama kifua kama kinapanda, na utege sikio karibu na pua yake. Fanya hivyo kwa sekunde zisizozidi 10.

Usipoteze wakati kutafuta mpigo wa mshipa. Hata wauguzi waliosoma hukosea jambo hilo wakiwa na haraka. Tena jihadhari na jambo moja linalodanganya watu wengi: mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kutweta mara moja moja, kama samaki aliyetolewa majini, au kukoroma kwa sauti ya ajabu. Watu husema, "Bado anapumua, mwacheni." Huko si kupumua. Vile vile huweza kutikisika viungo kwa muda mfupi, watu wakadhani ni kifafa. Kama haitiki na hapumui kama mtu wa kawaida, anza kazi.

Wakati huo watume watu, na uwataje kwa majina. Ukisema, "Mtu apige simu," kila mmoja atamtazama mwenzake. Sema, "Wanjiru, piga simu. Kiprono, tafuta gari. Wewe, Baba Otieno, kasimame penye njia panda." Nambari za simu ni 999 au 112 za polisi, na 1199 ya Chama cha Msalaba Mwekundu. Apigaye simu ataje jina la skimu, nambari ya ploti, na shule au kanisa au kituo cha maziwa kilicho karibu. Nambari ya ploti tunaijua sote siku ya kulipa deni la shamba, lakini mtu akiwa na fadhaa huisahau. Ni vizuri kuiandika kwa chokaa mlangoni.

Ukiwa peke yako, tena una simu, iweke sauti ya juu, uilaze chini kando yako, useme huku mikono inafanya kazi. Ukiwa peke yako huna simu, na aliyeanguka ni mtu mzima, nenda kwanza uite msaada upesi, kisha urudi uanze. Kama ni mtoto, au mtu aliyezama, fanya kazi kwa dakika 2 kwanza ndipo ukaite.

MTU MZIMA

Tuseme sasa ni alfajiri, mko kwenye foleni ya maziwa ya chama cha ushirika. Mzee mmoja anashika kifua, anaanguka, debe la maziwa linamwagika. Huyu damu yake bado ina hewa ndani yake, ila pampu ya kuisukuma ndiyo iliyosimama. Kwa hiyo kwake tunaanza na kifua.

Piga magoti ubavuni pake. Weka kitako cha kiganja kimoja, yaani pale kiganja kinapokutana na kiungo cha mkono, katikati ya kifua, juu ya nusu ya chini ya ule mfupa wa kifua. Weka kiganja cha pili juu ya cha kwanza, ufungamanishe vidole. Nyosha viwiko kabisa, mabega yako yawe juu ya mikono yako. Sasa bonyeza kwa uzito wa mwili wako, si kwa nguvu za mikono tu, maana mikono huchoka upesi. Kifua kishuke sentimeta 5, kisizidi 6. Chukua kibiriti kile cha kawaida cha jikoni: urefu wake ni karibu sentimeta 5. Basi kifua cha mtu mzima hushuka urefu wa kibiriti, nacho ni kirefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Anayefanya mara ya kwanza huogopa, akabonyeza kama anayepapasa tumbo la ndama. Hivyo damu haiendi.

Ukiisha kubonyeza, acha kifua kipande mpaka juu kabisa, bila kuondoa mikono yako mahali pake. Moyo hujaa damu wakati huo wa kupanda, kwa hiyo ukiegemea kifua, pampu haina cha kusukuma.

Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa saa ya mkono, mibonyezo 30 ichukue sekunde 15 hadi 18. Asiye na saa akumbuke wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja kwa zamu, mchi huu ukipanda ule unashuka, tena wakiwa wana haraka. Mwendo wake ni karibu na huo. Hesabu kwa sauti, wenzako wasikie.

Ukifika 30, inua kidevu tena, bana pua yake kwa vidole viwili, funika kinywa chake chote kwa kinywa chako, upulize kwa muda wa sekunde 1, mpaka uone kifua kinapanda. Acha kishuke, upulize mara ya pili. Usipulize kama anayewasha moto wa kuni mbichi: hewa ikizidi huingia tumboni, naye atatapika. Kifua kisipopanda, rekebisha kichwa ukajaribu tena, lakini usizidi mara 2, rudi kwenye kifua. Basi ni mibonyezo 30, pumzi 2, mibonyezo 30, pumzi 2, bila kukoma. Akitapika, mgeuze ubavu, mfute kinywa, mrudishe chali, uendelee.

Kazi hii huchosha kuliko kupasua kuni. Baada ya dakika 2 hata kijana mwenye nguvu huanza kubonyeza kidogo kidogo bila yeye mwenyewe kujua. Kwa hiyo mbadilishane kila dakika 2, na wa pili akae tayari upande wa pili, ili mkono usikosekane kifuani hata sekunde 10.

Kama hukufundishwa kupuliza, au unaona vigumu kuweka kinywa chako pale, bonyeza kifua peke yake bila kusimama. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafula, hiyo ni msaada mkubwa, na ni bora mara nyingi kuliko kukaa ukitafakari. Kama ni mama mwenye mimba kubwa, mtu mmoja alivute tumbo lake kwa mikono upande wa kushoto, ili mimba isikandamize mshipa mkubwa wa damu, na wewe ubonyeze kifua kama kawaida.

MTOTO, NA MTU YEYOTE ALIYEZAMA

Turudi bwawani. Moyo wa mtoto mara nyingi hausimami wenyewe. Husimama kwa sababu alikosa hewa kwanza, kwa kuzama, kukabwa na kitu, au ugonjwa wa kifua. Damu yake haina hewa tena, kwa hiyo kuisukuma peke yake hakutoshi. Hapa tunaanza na pumzi. Walimu wengine hufundisha kuanza na 2, wengine 5. Wewe ukimtoa mtoto majini mpe pumzi 5 ukiweza, 2 kwa uchache, ndipo uende kifuani. Mtu mzima aliyezama naye afanyiwe hivyo hivyo.

Usimning'inize miguu juu. Usimkande tumbo. Usimzungushe begani kama gunia. Maji yaliyoingia katika mapafu ni machache kuliko watu wadhanivyo, na yale ya tumboni ukiyakamua yatapanda yakaingia mapafuni. Mzee yule atakasirika, maana aliona zamani mtu akipona kwa njia hiyo. Mwambie kwa heshima, "Mzee, tusaidie kuwaondoa watu wampe mtoto nafasi," naye atakuwa amepata kazi.

Mtoto wa toka mwaka 1 mpaka kubalehe hubonyezwa mahali pale pale, katikati ya kifua. Tumia mkono mmoja, na kama ni mkubwa au wewe huna nguvu, tumia yote miwili. Kifua kishuke theluthi moja ya unene wake, yaani karibu sentimeta 5. Mwendo ni ule ule, na hesabu ni ile ile, 30 kwa 2. Waganga wawili waliofunzwa wakiwa pamoja hutumia 15 kwa 2 kwa watoto, lakini wewe usijitaabishe na hesabu mbili kichwani siku ya fadhaa.

Kwa mtoto pumzi yako ni kubwa kuliko kifua chake. Puliza kwa upole, tazama kifua, uache mara kikipanda.

Mtoto akizinduka, akaanza kukohoa na kulia, mlaze kwa ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike blanketi. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amesimama anadai chai. Mapafu yaliyoingia maji huweza kuharibika baada ya saa kadhaa, usiku, wakati ninyi mmekwisha lala mkishukuru.

MTOTO MCHANGA

Mchanga ni yule asiyetimiza mwaka. Huyu huweza kuzama hata katika karai la kufulia au ndoo ya maji, au kufunikwa na blanketi zito akakosa hewa.

Kichwa chake usikirudishe nyuma kama cha mtu mzima. Shingo yake ni fupi na laini, ikipindwa sana njia ya hewa hufungika. Uso wake utazame juu tu, kama mtoto aliyelala chali anaangalia paa. Kinywa chako kifunike kinywa chake na pua yake pamoja. Pumzi ni ile tu inayojaa mashavuni mwako. Hapa pia anza na pumzi.

Kisha mzungushie kifua kwa mikono yako miwili, vidole vyote vikiwa mgongoni, na vidole gumba viwili vikiwa pamoja juu ya mfupa wa kifua, chini kidogo ya mstari unaopita baina ya chuchu. Bonyeza kwa vidole gumba sentimeta 4, yaani kuzidi kidogo upana wa kibiriti chako. Mikono yako ikiwa midogo haimzunguki, tumia kitako cha kiganja kimoja. Waliofundishwa zamani kutumia ncha za vidole viwili wajue ya kuwa waganga wameiacha njia hiyo, na mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2025 haupendekezi tena, kwa sababu vidole viwili havishuki vya kutosha na huchoka upesi. Mwendo na hesabu ni zile zile.

Kama mchanga amekabwa na kitu, punje ya mahindi au kifungo, wala hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, umpige makofi 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Mgeuze chali, umbonyeze kifua mara 5. Rudia mpaka kitu kitoke au azimie. Akizimia, anza ile kazi ya pumzi na kifua. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

TULIVYOFUNDISHWA ZAMANI

Wako wazee wetu waliokuwa skauti au askari, nao watasema kazi hii si hivyo, bali mtu hulazwa kifudifudi, akabonyezwa mgongoni kisha akavutwa viwiko. Wanasema kweli kwa wakati wao. Njia hiyo ilitungwa na ofisa wa jeshi wa Denmark, Holger Nielsen, mwaka 1932, ikafundishwa duniani kwa miaka mingi. Lakini katika miaka ya 1950 madaktari James Elam na Peter Safar huko Marekani walionyesha ya kuwa kupuliza kinywani huingiza hewa nyingi zaidi. Watu walishangaa, wakiuliza hewa iliyokwisha tumiwa itamfaa nani. Jibu ni kwamba hewa tunayovuta ina oksijeni kama sehemu 21 katika 100, na ile tunayotoa bado ina kama 16. Yatosha.

Na habari ya kubonyeza kifua ilitangazwa mwaka 1960 na watu watatu wa Baltimore: William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker. Katika hao watatu ni mmoja tu aliyekuwa daktari wa kupasua. Kouwenhoven na Knickerbocker walikuwa wahandisi wa umeme. Nasema hivyo kwa ajili ya mkulima anayedhani kazi hii ni ya wenye koti jeupe peke yao.

HATARI ZA SHAMBA LETU

Dawa ya wadudu. Mtu akianguka baada ya kunyunyiza dawa au kuinywa, usiweke kinywa chako juu ya chake, maana sumu itakupata nawe. Vaa glavu, au ufunge mifuko ya plastiki mikononi. Mvue nguo zenye dawa, mwoshe kwa maji mengi. Kama hapumui, bonyeza kifua tu. Usimnyweshe maziwa mtu asiyejitambua, maana yatakwenda mapafuni. Kopo la dawa lifungeni vizuri liende hospitali pamoja naye, daktari asome jina lake.

Koboko. Sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia, na huku moyo bado unapiga. Mgonjwa hufumba macho, akaonekana kama amekufa, naye huenda anakusikia. Hapo pumzi ndizo kazi kubwa: 1 kila sekunde 6, kwa zamu, njia nzima mpaka hospitali. Kama huoni dalili yoyote ya uhai, changanya na kubonyeza kifua kama ilivyoelezwa.

Radi na stima. Kwa stima, zima swichi kubwa kwanza, usimguse mtu aliyeshikwa na waya. Waya wa nguzo za barabarani ukianguka, kaa mbali mpaka mafundi waukate. Lakini radi ni mbali na hayo: imekwisha pita, wala mwili wa aliyepigwa hauna umeme ndani yake. Kisii na Magharibi, ambako radi ni nyingi, watu huogopa kumgusa aliyepigwa, nao hungoja kwanza mambo mengine yafanywe. Mguse mara moja. Tena kama radi imepiga watu wengi pamoja, anzeni na wale walionyamaza kimya. Wanaolia wanapumua, nao wanaweza kungoja.

Kisima na choo cha shimo. Mtu akizimia shimoni, usishuke kumfuata. Hewa ya chini ni mbaya, nawe utaanguka juu yake, na wa tatu juu yako. Misiba mingi ya namna hii nchini mwetu imechukua watu wawili watatu wa jamaa moja kwa sababu ya huruma. Iteni wenye vifaa.

HOFU TATU

Ya kwanza ni mbavu. Ni kweli, ukibonyeza vizuri huenda ukasikia mlio wa ubavu kuvunjika, hasa kwa mzee. Endelea. Ubavu huunga kwa wiki kadhaa.

Ya pili ni ugonjwa. Haijaandikwa habari ya mtu hata mmoja aliyepata virusi vya UKIMWI kwa kupuliza kinywani. Hata hivyo kama humjui mtu, au kuna damu, bonyeza kifua peke yake. Kwa mtoto wako au wa jirani aliyezama, nadhani hutauliza swali hili.

Ya tatu ni kwamba hospitali itadai pesa kwanza. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwenye kumpeleka mgonjwa na alijue hilo, akaliseme mlangoni kwa adabu.

Yapasa pia kusema ukweli mwingine. Si kila mtu utakayembonyeza kifua atarudi. Wengi hawarudi, hata mikononi mwa madaktari wenye mashine. Lakini mtoto aliyetolewa majini mapema akapewa pumzi upesi ana tumaini jema. Acha tu ikiwa ameanza kupumua, au mwenye ujuzi amekupokea, au mahali pamekuwa pa hatari, au nguvu zenu nyote zimekwisha. Watu wakikuambia, "Mwache, amekwisha kufa," waulize kama wao wamepiga zamu yao.

JIZOEZENI

Usijizoeze juu ya kifua cha mtu mzima wa afya, maana utamwumiza. Jaza gunia pumba za mpunga au maganda ya maharagwe, lifunge imara, liweke sakafuni. Weka kibiriti kimesimama kando yake, upate kipimo cha kushuka. Jamaa yote wapige zamu: baba, mama, na watoto wa miaka 12 na zaidi, maana mara nyingi mtoto mkubwa ndiye anayekuwa bwawani na mdogo wake. Mmoja abonyeze, mmoja ashike saa na kuhesabu. Kwa mchanga, funga nguo kuzunguka chupa ya plastiki ya maji, ujaribu vidole gumba.

Baada ya hayo tafuteni mwalimu wa kweli. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza kwa vikundi, nao wana sanamu za mtu za kujizoezea. Wanachama 20 wa ushirika wakitoa fungu kila mmoja, gharama si kubwa. Mulizeni pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Serikali ilianza kuwapa vifaa wahudumu kama 100,000 nchini kote Septemba mwaka 2023, nao ndio walio karibu nanyi kuliko dispensari.

Na kabla ya mafunzo hayo, iko kazi ya Jumamosi moja: funika kisima kwa mbao nzito, mwaga maji ya karai ukiisha kufua, zungushia bwawa seng'enge upande wa watoto, na pale ng'ombe wanaponywea funga kamba ndefu na mtungi mtupu kwenye nguzo, mtu yeyote apitaye auone.